Mama alisema bustani yangu kimya

Mama alifika kwangu Unguja kwa boti ya asubuhi kutoka Pemba, na siku ile nzima hakusema neno juu ya bustani yangu. Aliswali, akala, akajinyoosha kidogo, kisha akakaa barazani na ungo wa mchele. Nami nilikuwa nikingoja. Miaka minne nimeihangaikia ile bustani. Bogenvilia ya rangi tatu imefunika ukuta wote, waridi zimejipanga kwenye vyungu, asumini iko mlangoni, mdimu uko karibu na tangi la maji. Wageni wakiingia husimama kwanza, wakatoa simu, wakapiga picha.

Jua lilipopoa aliinua uso, akatazama huku na huku.

"Nzuri, mwanangu. Lakini mbona kimya?"

Nikamwambia watoto wako chuoni, watarudi magharibi.

"Sisemi watoto."

Akarudi kwenye mchele wake. Mama hafafanui maneno; akishalisema, keshalisema. Siku tano baadaye nilimsindikiza bandarini, akarudi zake Wete. Neno lake hakulichukua.

## Saa tatu asubuhi, kwenye kigoda

Wiki ya tatu sikuweza tena. Nilitoa kigoda nje saa tatu asubuhi, wakati jua limeshawapasha vipepeo joto la kurukia, nikakaa bila simu wala kazi mkononi.

Kipepeo wa manjano aliingia kwa juu ya ukuta. Akaigusa bogenvilia kwa miguu, maana kipepeo huonja kwa miguu. Akagusa na pa pili. Akaondoka. Alivuka ukuta wa nyuma, akatua kwenye kiwanja kisichojengwa ambako jirani hufunga mbuzi wake. Nilisimama nikachungulia. Kwenye yale magugu ambayo mara mbili nimemwomba mwenyewe ayafyeke, nilihesabu vipepeo kumi na mmoja, na nyuki sikuweza kuwahesabu.

Kwangu, nusu saa nzima, hakuna aliyekaa.

Hili liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikiamini maua ni maua, kwamba panapokuwa na rangi, wadudu watakuja wenyewe. Nikaanza kuyatazama maua yangu kwa karibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayekagua nguo aliyouziwa usiku.

Rangi ya bogenvilia si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kijineli cheupe, chembamba, kilichojificha katikati. Waridi zangu nilizinunua kwa sababu zimejaa, petali juu ya petali. Nilipolipasua moja kwa kucha sikuona chavua ya maana ndani yake. Watunza maua wa vizazi vingi wamekuwa wakichagua yale ambayo stameni zake, zile nyuzi zinazobeba chavua, zimegeuka kuwa petali, na yakishageuka hivyo mdudu hana cha kuchukua, na hata kilichopo hakifikii.

Asumini basi? Asumini ina harufu, ina mbochi, yale maji matamu ya ua. Lakini asumini yangu hakuna mdudu aliyewahi kuikuta imechanua mtini.

Naichuma kila siku alasiri.

## Maua ya pua

Hapa ndipo nilipokwama siku nyingi, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Sisi watu wa visiwa hivi tunapenda maua kwa pua. Asumini huchumwa ikiwa bado imefumba, ikafunguka usiku kwenye nywele au juu ya mto. Mrehani tunaukata ncha kabla haujatoa maua, ili uzidi kuchipua majani ya kutilia kikuba, kile kifungu cha majani na maua ya kunukia. Kilua hutafutwa kwa harufu, langilangi kwa harufu, mkadi kwa harufu. Bibi yangu hakuwahi kulisifu ua kwa rangi yake. Alilinusa, akafumba macho, na kama halikunukia aliliita jani.

Sioni aibu juu ya hilo. Ni urithi mzuri, na harusi isiyonukia asumini naiona kama haijakamilika.

Lakini nilipoendelea kufikiri nilifika kwenye karafuu, na hapo moyo ulishtuka. Karafuu ni ua. Ni ua linalochumwa likiwa kichwa kimeanza kuwa chekundu, kabla kile kikofia chake hakijaanguka. Ada zangu za shule, sare yangu, daftari zangu, vyote vimelipwa na maua ambayo hayakuachwa yachanue. Kwa maisha yetu ya Pemba, ua lililofunguka ni pesa iliyopotea.

Nikampigia mama. Nikamuuliza: ulikusudia nini uliposema kimya?

Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuniambia. Alipokuwa msichana, kulikuwa na mkarafuu mmoja mrefu nyuma ya nyumba yao. Wachumaji waliuogopa ule mti, matawi ya juu hayakufikiwa. Basi kila msimu kileleni kulibaki maua yakachanua, meupe, yenye nyuzinyuzi, na mti mzima ukawa unavuma nyuki.

"Ukipita chini unausikia," alisema. "Baba alikuwa akisema huo ni mti wa hasara. Mimi nilikuwa napenda kulala chini yake."

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

## Pete

Jumamosi moja niliwachukua watoto tukapanda daladala hadi Pete, jirani na msitu wa Jozani, kwenye kile kituo cha vipepeo. Wengi wetu tunapajua kwa kupapita tu, tukidhani ni pa watalii. Ndani kuna bustani iliyofunikwa kwa wavu, na wanavijiji wa jirani hufuga viwavi na kupata kipato kutokana na pupa wanaowauza, jambo linalowapa sababu ya kuutunza msitu badala ya kuukatia kuni.

Nilikwenda nikiwa na swali moja tu: nipande maua gani?

Kijana aliyetutembeza hakuanza na maua. Alitupeleka kwenye mche wa mdimu. Kwenye majani yake kulikuwa na vitu viwili vitatu vyeusi vyenye doa jeupe, mtu angedhani ni mavi ya ndege, na pembeni yake viwavi wakubwa wa kijani, wanono. Alimgusa mmoja kwa ncha ya kidole. Kiwavi akatoa pembe mbili za rangi ya machungwa kutoka nyuma ya kichwa, na harufu kali ikapanda.

"Hivi ndivyo anavyojilinda," alisema. "Anapokuwa mdogo anajifanya kinyesi, akikua anatumia harufu. Akitoka kwenye pupa ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano."

"Hawa nawajua," nilisema.

Akafurahi. "Kwako wapo?"

Sikumjibu.

Mwaka jana, baada tu ya masika, niliwakuta hao hao kwenye mdimu wangu. Nilidhani ni maradhi. Nilikwenda dukani nikaomba dawa kali, nikapiga mti mzima, nikapiga na waridi kwa sababu dawa ilibaki, nikapiga na mrehani uliokuwa umesahaulika nyuma ukatoa maua. Asubuhi nilifagia viwavi kwa chelewa. Nakumbuka niliona raha, raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Kijana aliendelea kueleza, na mimi nilikuwa nikisikia kwa mbali. Kila aina ya kipepeo ina jani lake. Yule wa machungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe, na utomvu ule humfanya awe mchungu kwa ndege. Wapo wanaotaga kwenye jamii ya mistafeli. Jike huja, hupigapiga jani kwa miguu kulionja, na asipopata jani lake haachi yai hata kama bustani imejaa maua ya kila rangi.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa nusu swali. Ua ni chakula cha mgeni anayepita. Jani ndilo analolitafuta anayetaka kuzaa.

## Mdimu wangu na viwavi tisa

Kusema ni rahisi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kutopiga dawa tena, na baada ya mwezi wakaja. Tisa. Kwenye mdimu ule ule, ambao ndimu zake ndizo ninazokamulia mchuzi, urojo na pweza, na jirani zangu wawili wanazitegemea.

Nilihangaika kweli. Kila asubuhi nilihesabu majani yaliyoliwa, nikasema leo nawatoa, nikaona wanavyotafuna kwa utaratibu kutoka ukingoni kuja katikati, nikaahirisha. Nilijiuliza kama nimegeuka mtu wa kuwahurumia wadudu huku ndimu sokoni zikipanda bei. Niliwaza pia kwamba mkulima wa michungwa kule Ndijani hana nafasi ya kuwaza hivi. Kwake mche mchanga ukinyang'anywa majani ni msimu umekwenda.

Basi nimejiwekea utaratibu, na simlazimishi mtu. Mti mkubwa wenye afya unaweza kupoteza majani kiasi na ukachipua mengine. Mche mchanga hauwezi. Wakitokea kwenye mche wangu mpya nawahamisha kwa mkono, na harufu yao haidhuru mtu.

Katika wale tisa, wawili tu niliwaona wakifika kuwa pupa. Waliobaki walipungua mmoja mmoja, ndege, mijusi, nyigu, sijui nani alikula yupi. Mdimu ukachipua upya kabla hata sijawasahau. Nilikuwa nimeua kundi zima kwa dawa ili kuokoa majani ambayo mti wenyewe ungeyarudisha.

## Boga na mkono wa mtu

Kuna jambo jingine nililokuwa nikilipita bila kuliunganisha.

Msimu uliopita nilipanda maboga kando ya ukuta. Yalitambaa vizuri, yakatoa maua makubwa ya manjano, na kila kiboga kilichofika ukubwa wa kidole gumba kiliiva manjano kikaoza. Nililaumu mbolea, nikalaumu maji ya chumvi. Boga hutoa ua dume na ua jike kwenye mmea mmoja. Jike unamjua kwa kile kiboga kidogo kilichoko chini yake. Yote hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri yamefumba. Katika saa hizo chache lazima mtu fulani atoe chavua huku aipeleke kule, na zaidi ya mara moja, la sivyo kiboga huanguka.

Kwangu hakukuwa na mtu fulani.

Nikaanza kuifanya kazi ile mwenyewe. Baada ya swala ya alfajiri nilichuma ua dume, nikalimenya petali, nikalipakaza kwenye ua jike. Nilipata maboga matatu makubwa, na nilijivuna. Mpaka nilipokumbuka vanila.

Wanaotembelea mashamba ya viungo ya Kizimbani wamemwona mkulima na kijiti chake. Vanila ilitoka Mexico na kuwaacha kule wadudu wake. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12, ndiye aliyeonyesha namna ya kulichavusha ua kwa mkono, kwa kuiinua ile ngozi ndogo ndani yake kwa kijiti na kulibana kwa kidole gumba. Vanila yote inayolimwa mbali na kwao, Zanzibar ikiwemo, imesimama juu ya mkono wa yule mtoto.

Lakini vanila ina udhuru. Boga halina. Boga nalo asili yake ni Amerika, ila nyuki wetu walishalizoea zamani. Kule Wete sijawahi kumwona mama akilipakaza ua lolote. Mimi sikuhamisha mmea ukaacha wadudu wake. Mimi nilihamisha wadudu.

## Nilichokipanda

Jibu la kwanza lilikuwa kwenye kikapu alichokuja nacho mama. Vilikuwa vipando vya mrehani, na nilikuwa nimevichomeka kwenye chungu nikaendelea kuvikata ncha kama kawaida. Safari hii nusu nikaviacha. Vilitoa maua madogo, meupe, yasiyopendeza sana machoni, na ndani ya wiki nyuki walikuwa hapo tangu asubuhi hadi jua kali. Mvumbasha nao ni hivyo hivyo. Hakuna mche wowote wa kununua ulionifanyia kazi kama hii miwili ambayo kila nyumba inayo.

Kitaluni nilinunua zinia, lakini zile za petali safu moja, ambazo katikati yake unaliona vumbi la chavua kwa macho. Muuzaji alinishangaa, akaniambia hizo watu hawazitaki. Nikachukua kosmosi. Nikachukua pentasi, ambayo asili yake ni Afrika Mashariki hii hii na tunauziwa kama mgeni. Maua yake hujikusanya kama kisahani, kipepeo akitua hapo ananyonya kikombe baada ya kikombe bila kuruka. Iksora nyekundu inawaleta vipepeo, na chozi pia nimemwona akiirukia. Nilipanda kila aina kwa fungu, penye jua, kwa sababu ua moja hapa na moja pale humchosha mdudu.

Lantana ndiyo iliyonisumbua. Vipepeo wanaipenda kuliko yote, na niliipanda, na nilifurahi kwa miezi miwili. Kisha nikaona ndege wanakula tunda zake, na miche ikaanza kuchipua kwenye kiwanja cha nyuma, penye mbuzi, na majani ya lantana ni sumu kwao. Hapa Unguja tunajua kisa cha namna hii. Kunguru waliletwa miaka ya 1890 ili wasafishe taka mjini, na leo ndio wanaokula makinda ya chozi. Niliing'oa lantana asubuhi moja, vipepeo wakiwa juu yake. Bado sina hakika kama mkono haukutetemeka.

Mengine ni madogo. Mume wangu alitaka kumalizia uwanja kwa saruji, tukakubaliana pembe moja ibaki udongo mtupu, kwa kuwa nyuki wengi wasioishi mizingani hutaga ardhini. Gogo kavu la mwembe nimeliacha lilipo kwa ajili ya wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wao ndio wanaolimudu ua la pasheni. Sahani ya tope naiweka karibu na bomba, vipepeo wanakuja kunyonya chumvi yake. Maganda ya embe siyatupi yote.

## Mpapai dume

La mwisho ni la usiku.

Miaka miwili nyuma nilikuwa na mipapai mitatu, mmoja dume. Mtu aliyekuwa akinisaidia kazi za bustani aliniambia dume hauzai, unakula mbolea bure, nami nikamwambia aukate. Nilisimama pale akiukata. Majike yakaendelea kutoa maua na kuyaangusha, mwaka mzima, nami sikuunganisha chochote na chochote. Papai huchavushwa zaidi na nondo, wale wakubwa wenye ulimi mrefu, wanaokuja giza likianza. Hao hao hufuata maua meupe yenye harufu ya usiku.

Yaani asumini.

Dume la karibu sasa liko kwa jirani, upande wa pili wa ukuta. Nimekwenda kumwomba asilikate, akacheka kwanza, kisha akakubali. Na asumini yangu nimeigawa: upande wa mlango nachuma kama zamani, upande wa mipapai siugusi.

Juzi umeme ulikatika baada ya magharibi. Watoto walikuwa hawajarudi chuoni. Nilikaa kwenye kigoda gizani, asumini ya upande ule imefunguka yote, harufu imejaa uwanja. Sikuona kitu. Nilisikia mvumo mwembamba kama wa mtu anayepuliza karatasi, ukasimama kwenye asumini, ukanyamaza, ukasimama tena mbele kidogo. Kisha ukapanda juu, upande wa mpapai.

Nikamtafuta mama kwenye simu, nikaielekeza huko gizani bila kusema neno.